Kigoda Kimoja Nyumbani kwa Mapasa

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyofika nyumbani kwa dada yangu na kigoda kimoja cha maua badala ya viwili. Hilo ndilo kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi hii ya mbao, na nalitaja kabla ya yote ili usije ukadhani kwamba anayekushauri alizaliwa anajua. Usicheke nikikuita mwanangu. Mvi sina. Lakini kuna watoto wawili pale Ruashi wanaoniita mjomba, na kwetu mjomba ni mama aliyezaliwa mwanamume. Neno hilo naruhusiwa kulitumia.

Kazi yangu ni ndogo. Naokota mbao zilizotupwa: paleti zilizovunjika, vipande vinavyobaki kwa maseremala, miguu ya vitanda vya zamani. Natengeneza vigoda vifupi vya kuwekea maua ndani ya nyumba, maana akina mama wa hapa Lubumbashi wanapenda ua liwe sebuleni, karibu na dirisha, lakini lisikae sakafuni. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuharibu mbao.

Mtu aliyejifunza peke yake ana ugonjwa wake, nao ni kwamba hana mwalimu wa kumwambia "basi, inatosha". Mimi sikuambiwa, kwa hiyo haikutosha kamwe. Nilikuwa na kipande cha kioo cha dirisha nilichokilaza chumbani, na kila kigoda nilikisimamisha juu yake, nikakigusa kwa kidole. Kikitikisika, nakata mguu. Kikitikisika upande wa pili, nakata mwingine. Vingine vilianza na kimo cha goti vikaishia kimo cha kikombe. Kisha navivunja kwa hasira, naanza upya. Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo niliisikia tangu utoto, nikidhani inawahusu wavivu.

Basi dada yangu mkubwa, ambaye kwa heshima namwita yaya Mado, akajifungua mapasa. Ndivyo tunavyowaita mapacha kwetu. Wote wasichana. Kwa sisi Waluba mapasa hawatafutiwi majina, yanawangoja tayari: aliyetangulia ni Kyungu, aliyefuata ni Kabange. Kyungu alitoka na kelele zake. Kabange alitoka mdogo, mdogo mno, na hakulia mpaka waliposugua mgongo wake. Wakamruhusu mama na Kyungu kurudi nyumbani, Kabange akabaki hospitalini katika kile kisanduku cha joto. Kila asubuhi yaya Mado alikwenda kule na maziwa yake kwenye chupa. Aliporudi hatukumuuliza mtoto yu hali gani. Tuliutazama uso wake anapoingia, tukajua.

Ukafika wakati Kabange naye akaruhusiwa. Bado alikuwa mwepesi, ukimpakata unahisi kama umepakata nguo tu, lakini alikuwa nyumbani. Familia ikapanga Jumapili ya kuwatoa nje wote wawili, waimbiwe.

Nyanya yetu, tunayemwita Kambo, ndiye aliyeishika shughuli. Ni mzaliwa wa upande wa Kamina, mjane wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki ambaye rozari haimtoki shingoni. Lakini kwa mambo ya mapasa hamwombi mtu ruhusa. Alikuwa na ua lake la miaka mingi, lile lenye majani marefu yanayosimama kama panga. Akaligawa shina mara mbili, akapanda kila nusu katika mkebe wa rangi uliooshwa vizuri. Mkebe mmoja akauchora mstari wa pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Ule mwingine akauchora mistari miwili.

"Hii ya Kyungu, hii ya Kabange," akaniambia. "Weye utatufanyia bigoda bibili. Ile siku maua haitaikala chini. Unasikia?"

"Nasikia, Kambo."

Nilisikia, kweli. Nilidhani anazungumzia mapambo.

Cha kwanza kilinitoka vizuri hata mimi mwenyewe nikashangaa. Ulikuwa ubao wa paleti wenye mistari iliyonyooka, na miguu yake ilikaa juu ya kioo kama imeota pale. Cha pili kilinitesa. Ubao uliobaki haukutosha, nikachanganya na mbao za kitanda. Mguu mmoja ulipasuka penye tundu la msumari. Nikaubadilisha, kikatikisika, nikakata, kikatikisika upande wa pili, nikakata tena. Jumamosi jioni kilikuwa kifupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili, na bado kilitikisika. Nikakinyofoa mguu mmoja, nikakiacha kimelala juu ya kioo na miguu mitatu.

Sasa sikiliza nilivyojidanganya, maana hapa ndipo penye somo. Nilijiambia hivi: mapasa hupewa sawasawa. Nikipeleka kirefu na kifupi, nitakuwa nimembagua Kabange, ambaye tayari ni mdogo. Heshima ni kupeleka kile kizuri leo, na cha pili nikifanye upya, nikilete wiki ijayo kikiwa sawa kabisa na mwenzake. Niliona nimefikiri kama mtu mzima, nikaenda kulala nimetulia.

Jumapili ua wa nyumba ya yaya Mado ulikuwa umejaa watu. Nyimbo za mapasa si nyimbo za kanisani, mwanangu. Ni nyimbo za matusi na mizaha, na siku hiyo hakuna anayekasirika. Shemeji yangu Feli, baba wa watoto, alikuwa amepakwa pemba usoni, na akina mama walikuwa wakimwimbia kwamba ana pupa, wenzake wanapanda mbegu moja moja, yeye anamwaga kwa mikono miwili. Akawa anacheka hadi machozi. Waliponiona naingia na kigoda begani, wakanigeukia mimi.

"Eeh! Mujomba wa mbao anafika!"

"Angalieni, miguu ya kigoda iko mizuri kupita yake!"

"Hii kigoda njo itapata bibi mbele yake!"

Nikacheka nao, mimi ambaye bado sijaoa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Nikaingia sebuleni. Yaya Mado alikuwa ameketi kwenye kiti na watoto wote wawili mapajani. Pembeni yake wanawake wawili walikuwa wamepakata ile mikebe ya maua, kila mmoja wake, kama wanavyopakata watoto. Hilo nililiona kwa macho tu, halikunifikia akilini.

Nikaweka kigoda changu mbele ya dada yangu. Nikauchukua mkebe uliokuwa karibu, wenye mstari mmoja, nikaufuta vumbi, nikaupandisha juu. Kisha nikamwambia yule mwanamke wa pili, "Nipe, mama," nikauchukua mkebe wenye mistari miwili, nikauweka chini, sakafuni, kando. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikatoa simu, nikapiga picha.

Wimbo ukakatika.

Haukufifia, ulikatika. Waliokuwa nje wakaendelea kidogo, nao wakanyamaza bila kuambiwa. Nikabaki na simu mkononi, bado natabasamu, nikidhani wanaangalia kazi yangu. Aliyesema kwanza alikuwa Mama Feli, mama yake shemeji.

"Ulileta kamoja?"

"Ndiyo, mama. Kengine nitakaleta yuma ingine, haka—"

"Kabange unamuweka chini?"

Nikatazama sakafu. Nikauona ule mkebe. Mama Feli hakuwa akisema nami tena. Aliwageukia watu, akasema polepole, kama shahidi:

"Mujomba alichagua. Bantu bote baone. Mujomba alichagua."

Nikueleze, kama wewe ni wa kwingine. Kwetu mapasa huhesabiwa kuwa wamekuja kwa mlango mmoja. Unachompa huyu unampa na yule, saa ileile, hata kama ni njugu. Ukimpa mmoja na kumwacha mwenzake, aliyeachwa huona hatakiwi, naye hurudi alikotoka. Na tena, mtoto akifa katika ukoo, jicho la kwanza humgeukia mjomba, kwamba ndiye aliyemroga. Yote hayo niliyajua. Niliyajua kama mtu anavyojua maneno ya wimbo wa lugha nyingine. Asiyejua maana haambiwi maana. Nilikuwa nimempandisha mtoto mwenye afya, na yule aliyetoka hospitalini juzi, ambaye mama yake alikuwa akiamka kila mara kusikiliza kama anapumua, nimemlaza sakafuni mbele ya koo zote mbili. Kisha nikapiga picha.

Yaya Mado alisimama. Akamkabidhi jirani Kyungu bila kumtazama. Akamfunga Kabange kifuani kwa kitenge, akakaza fundo, akakaza tena. Ndipo akaniangalia.

"Tino, nilikukosea nini?"

Hakungoja jibu. Akaingia chumbani, tukasikia komeo. Nikaitia simu mfukoni. Nilitaka kusema kwamba nilifanya hivyo kwa heshima, lakini nani angesikia?

Kambo alitoka jikoni, mikono ina unga wa bukari, ndio ugali wetu. Hakuuliza kumetokea nini. Aliona. Aliinama, akauinua ule mkebe, akauweka kiunoni mwake kama unavyombeba mtoto.

"Kengine kako wapi?"

"Ku nyumba, Kambo. Kaliharibika. Ni kafupi, tena kanatikisika. Nilitaka kwanza nikatengeneze muzuri."

"Kafupi."

"Ndiyo, Kambo."

"Kanatikisika."

"Ndiyo."

"Na Kabange? Si naye alikuya mufupi, anatikisika? Tungemuacha kule ku hospitali mpaka akuwe muzuri?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Nilisema mapasa banapewa sawa," nikanong'ona. "Haka ni kafupi, nikaogopa—"

"Nani alikufundisha kupima mapasa na metre? Angalia bale batoto! Wao wenyewe habako sawa. Bibili, njo sawa. Kamoja, hata kakuwe ka zahabu, haiko sawa na kintu." Akajifuta unga kwenye kitenge. "Enda. Ukakalete vile kako. Hapa hakuna mutu atakula mpaka ufike."

Feli akachukua pikipiki yake. Sikutarajia, lakini ndiye aliyenipeleka hadi kwangu Katuba, na pemba bado usoni. Njia nzima watu walipoona ule weupe walielewa, wakampigia kelele za furaha: "Shamapasa eeh! Baba ya mapasa, pole na kazi!" Yeye akainua mkono kuwajibu, kwa adabu, bila kucheka. Alisema nami mara moja tu, tulipokuwa tumesimama kupisha lori.

"Tino, miye minajua haiko uchawi. Lakini Mado hatalala tena. Unaelewa?"

Nikasema naelewa. Hapo ndipo nilipoelewa.

Kigoda kilikuwa pale nilipokiacha, na miguu yake mitatu. Na nitakuambia ukweli, mwanangu, kwa sababu sitaki kukuficha: hata saa ile, na hofu yote ile, mkono wangu ulikwenda kwenye gundi. Nikawaza kwamba gundi inataka siku nzima kukauka. Nikawaza kwamba angalau nipitishe msasa. Feli, mlangoni, akasema, "Beba tu." Nikabeba. Mguu kwapani, nyundo mkononi, misumari mfukoni mwa shati.

Tuliporudi hakuna aliyekuwa amekula. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, watoto wa majirani wanalia njaa. Nikapiga magoti katikati ya ua, mbele ya watu wote, nikaanza kuupigilia ule mguu. Mimi ambaye sikuwahi kukubali mtu anione nikifanya kazi, hata mteja nilimfungia mlango. Msumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapinda. Ubao ulikuwa ukikimbia kila nilipopiga. Nikaona vidole vya mtu mwingine vinaushika mguu wa kigoda kwa nguvu. Alikuwa Mama Feli, ameketi chini mbele yangu na kitenge chake cha sikukuu.

"Piga," akasema. "Usiniangalie. Piga."

Nikapiga, nikajipiga kidole gumba.

"Pole. Piga."

Msumari ukaingia, umepinda kidogo, kichwa chake kinaonekana. Nikataka kuung'oa nianze upya. Mama Feli akauondoa mkono wangu pale. "Iache. Imeshika." Na nyuma yetu mwanamke mmoja, sijui ni nani mpaka leo, akaanza kuimba kwa sauti ndogo kwamba mjomba ana miguu minne na yote imepinda. Wengine wakajibu. Sikuwahi kufurahi hivyo kutukanwa.

Kambo aliviweka vigoda viwili kando kwa kando sebuleni. Kimoja kirefu, mwenzake kifupi. Akapandisha mikebe yote miwili kwa wakati mmoja, mkono huu na mkono huu, ingawa ni mizito na yeye ni mzee. Kisha akaenda kwenye mlango wa chumba.

"Mado. Toka. Biko bibili."

Komeo likasikika. Yaya Mado akatoka na Kabange kifuani, akavitazama vigoda, akagusa majani ya ua la kwanza, akagusa ya la pili. Akaketi. Sufuria zikafunuliwa. Mimi hakunitazama.

Ningependa kukuambia kwamba yaliishia pale, lakini hayakuishia pale. Msimu wa baridi ulipoingia, Kabange alishikwa na kifua, akarudishwa hospitalini. Nilikaa kwenye benchi la korido mkabala na Mama Feli. Hakuna kati yetu aliyetaja kigoda. Sote wawili tulikuwa tukikiwaza, nililiona hilo usoni mwake. Akili yangu iliniambia kwamba mbao haziui mtoto, kwamba ni baridi na mapafu madogo. Moyo wangu haukusikia. Siku aliponyonya tena, Mama Feli alinipitishia chupa yake ya maji, nikanywa, tukarudi nyumbani kila mtu kwa njia yake.

Yaya Mado hakunipa mtoto yule kumpakata kwa muda mrefu sana. Kyungu alinipa, Kabange hapana. Sikudai. Siku moja nilipita kumwona, nikamkuta anahangaika na chungu kinachochemka, Kabange analia mkononi. Akanisukumia mtoto kifuani bila hata kufikiri.

"Shika mutoto wako, nipike."

Nilimshika. Alikuwa mzito. Nilisimama palepale, sikuthubutu hata kuketi, nikageuza uso ukutani ili dada yangu asinione.

Sasa, mwanangu, shauri langu ni hili. Kabla hujakata ubao, uliza kitu kinakwenda kwa nani na kitafanya nini siku hiyo. Mimi nilijua kila ufa wa mbao zangu, sikujua nafanya kazi ya nani. Kazi uliyowaahidi watu ikifika siku yake, ipeleke, na kasoro yake iseme wewe kwanza, kwa mdomo wako. Usiifiche nyumbani ukaiita heshima. Mara nyingi tunaogopa tu kuonekana tunakosea, tunavisha hofu hiyo nguo za adabu, na mwingine ndiye anayelala sakafuni. Ukiambiwa neno na mzee, usilidake kwa sikio tu. Muulize maana yake kabla hujaondoka. Kuuliza si ujinga. Na ukikosa mbele ya watu, rekebisha mbele ya watu, hata kama msumari utapinda. Kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Mungu aliyekupa mikono aipe kazi ya kufanya na watu wa kuifanyia. Akuwekee karibu mzee wa kukukemea mapema, na siku utakapopiga magoti uani mbele ya watu, asikose mtu wa kukushikia ubao.

Kabange sasa anatembea, anapanda viti, anaharibu vitu. Mimi bado nina wasiwasi. Sitakudanganya kwamba umeisha. Lakini sivunji tena vigoda, nafanya kazi mlango ukiwa wazi, na kazi niliyoahidi naipeleka siku niliyoahidi.